Pumzi ya Kupokezana

Nilipompigia Deo simu kule Bukoba kumwambia dada yake amefariki, alicheka. Hakuwa anafurahi, masikini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu aliumwa vibaya. "Atu," akaniambia, "ninyi watu wa London mlishatukalisha matanga ya mtu aliye hai. Safari hii nionyeshe mwili." Nilitaka kumtukana. Umri wangu unaelekea sitini, magoti yananiuma, nilikuwa sijalala, na rafiki yangu Koku alikuwa amelazwa mbele yangu katika chumba cha baridi huko Barking, amevishwa gauni la kitenge alilolichagua mwenyewe. Lakini Deo alikuwa na haki. Nikageuza kamera ya simu. Kemi, binti wa Koku, alikuwa amenishika kiwiko. Deo akasogeza uso karibu na kioo cha simu. "Mawe," akasema mwishowe, kwa kilio cha kwao. "Basi safari hii ni kweli." Nikamwambia ni kweli, kaka. Siku hizi kifo kinaonyeshwa kwenye simu na watu wanaamini. Mwaka ule ninaotaka kuusimulia, hatukuwa na njia ya kuonyesha hata uhai.

Tulikotoka na nani alimzaa nani siandiki hapa, nitakuwa nawachosha. Mwaka wenyewe ulianza Septemba, katika chumba kimoja juu ya duka la nywele za bandia kule Woolwich. Vitanda viwili, hita moja iliyokuwa inawaka inapotaka yenyewe, na dirisha lililotazama soko. Mimi na Koku tulifanya kazi nyumba moja ya wazee, tukapishana shifti, na tulipokutana tulipika ndizi alizokuwa anazichagua sokoni kwa ukali wa kuwaudhi wenye meza. Ndizi za Woolwich, alisema, si ndizi, ni habari za ndizi. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba. Kulia aliishi mama wa Kinijeria aliyekuwa anagombana na mumewe kila Jumamosi kwa lugha yao, kushoto Mkongo na redio ya nyimbo za dini, na chini mashine ya kukaushia nywele. Kila Jumapili mchana Koku alikwangua kadi ya simu kwa ukucha, akapiga Bukoba, akaongea na mama yake, Ma Yustina, kisha akapewa Kemi. Alimwacha Kemi hajafikisha mwaka. Sasa mtoto alikuwa na miaka sita, na alikuwa hamjui mama yake kwa uso wala kwa harufu. Alimjua kwa sikio. Ndiyo maana Koku hakupoteza kadi kwa maswali ya umekula nini. Alimwimbia. Wimbo ulikuwa mmoja siku zote, wa Kilatini, wa kumwomba Bikira jioni, ambao Ma Yustina alifundishwa na mapadre wa zamani, naye akamwimbia Koku mgongoni. Mimi niko kitandani na soksi zangu, nasikiliza, najifanya sisikilizi.

Tukaingia kwaya ya Mwalimu Hedley kwa sababu ukumbi wake ulikuwa na joto. Nasema ukweli. Kulikuwa na tangazo mlangoni pa kanisa, kwamba zinatakiwa sauti, na kwamba hakuna usaili. Mwalimu alikuwa mzee mrefu, mstaafu, amevaa makubazi ya nyumbani hata mvua ikinyesha. Akatueleza mpango wake: tutatembea pamoja kutoka wakati Wazungu walipokuwa wanaimba sauti moja tu makanisani, mpaka wakati walipojua kufuma sauti nyingi, miaka mia sita ya muziki, na tutafika kiangazi. "Hakuna kuruka hatua," akasema. "Kila mtu asikie jinsi sauti ya pili ilivyokuwa jambo la kutisha." Akatugawia karatasi ya wimbo wa kwanza. Koku akaitazama, akanibana paja. Ulikuwa ule ule wa Jumapili.

Basi tukaimba, na hapo hapo tukaharibu. Mimi nimekulia kwaya za sauti nne, Koku vilevile. Ukituachia wimbo uko peke yake, hatuwezi kuuacha hivyo, ni kama kumwekea mgeni ugali bila mboga. Bila kuambizana, yeye akashika wimbo, mimi nikapanda noti ya tatu juu yake, nikamsindikiza kama tunavyofanya nyumbani hata jikoni. Mwalimu akasimamisha ukumbi mzima. "Nani anaimba hiyo?" Tukainua mikono kama wanafunzi. Akatabasamu, masikini yule mzee, akasema ni nzuri sana, ila tumewahi kufika. Watu wa karne tunazoanzia waliiona noti hiyo haijatulia, haifai kupumzikia, na itapita miaka mingi kabla Waingereza hawajaipenda na kuwaambukiza wengine. "Itunzeni," akasema. "Kiangazi nitawaomba." Tulicheka mpaka tukafika nyumbani. Kila nilipotaka kumwudhi Koku nilimwambia, "Itunze, shoga, kiangazi utaombwa."

Jambo tulilojifunza wiki zile, na ambalo mpaka leo liko mwilini mwangu, ni pumzi. Mwalimu hakutaka wimbo ukatike hata mahali pamoja. Na binadamu lazima apumue. Kwa hiyo kila mtu alipangana na jirani yake: wewe vuta pumzi hapa, mimi nitavuta pale, nikiwa nimenyamaza wewe unaendelea, na anayesikiliza asijue. Mimi na Koku tulisimama bega kwa bega. Kulikuwa na mahali silabi moja inabebwa mbali, inapanda, inazunguka, inashuka. Koku alivuta pumzi kabla ya silabi na akaenda nayo hadi mwisho, mapafu yake yalikuwa ya ajabu. Mimi nikavuta katikati. Tulirudia sana, jikoni, kwenye basi, tunapotandika vitanda vya wazee, mpaka ikawa siwezi tena kuufikia mlima ule bila kupumua katikati, hata nikiwa na hewa ya kutosha. Mwili ulikwisha kuzoea kwamba Koku yupo.

Novemba Ma Yustina alituma kopo la senene, panzi wa kwao, waliokaangwa. Koku akampelekea Mwalimu, naye akala mmoja, akafikiri, akaomba wa pili. Jioni hiyo hiyo, tukivaa makoti, nikaona uvimbe shingoni mwa Koku. Alikuwa akiufunika na skafu nikadhani ni baridi. Nikamwuliza, akasema anaujua, ameshakwenda kupimwa. Tulipofika chumbani nikamkalisha kitandani, nikawasha ile hita kwa teke, nikamwambia sema.

"Wamesema ni saratani ya tezi. Inatolewa."

"Sasa unangoja nini?"

"Ule mshipa wa fahamu wa sauti unapita hapo hapo. Wanaweza wakaugusa. Wameniambia wazi, nijiandae."

"Jiandae basi!"

"Atu, Kemi anakuja kiangazi. Karatasi za kumleta ziko wizarani, pasipoti yangu wanayo. Acha aje, anisikie nikimwimbia kwa mdomo wangu huu, akijua kwamba yule wa kwenye simu ndiye mimi. Halafu wakate wanavyotaka."

"Kiangazi atakuta kaburi lenye sauti nzuri, mjinga wewe!" Nikatupa mwiko kwenye sinki, mama wa Kinijeria akagonga ukuta. Koku akasema, "Wewe hujui kujulikana kwa sikio tu." Tukanuniana. Alhamisi, siku ya kwaya, tukasimama bega kwa bega, hatusemezani, na bado kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi ya kupumua.

Desemba tukafika kwenye sauti mbili. Mwalimu alikuwa na furaha ya mtoto. Akaeleza kuwa watu walichukua wimbo wa zamani, wakaurefusha, noti moja ikavutwa kama uzi, na juu yake mwimbaji mwingine akaanza kucheza, kupanda na kushuka. Yule wa chini hatikisiki. Jina lake kwa Kilatini linatokana na kushika. Yeye ndiye amebeba wimbo wenyewe, akasema Mwalimu, ingawa masikio ya watu yote yako kwa yule wa juu. Koku akapewa juu, mimi chini. Nikalalamika kwamba nimefanywa nguzo. "Nguzo ndiyo nyumba," akanijibu Koku, na huo ndio ulikuwa mwisho wa kununiana kwetu. Januari zikaja sauti tatu, kila moja na maneno yake, hata lugha yake, zote kwa wakati mmoja. Wenzetu wa Kiingereza walichanganyikiwa. Sisi tuliokuwa tunalala kati ya ule ugomvi wa Kinijeria na redio ya Mkongo hatukuona ugeni wowote. Lakini mwezi huo Koku alianza kukohoa akifika juu, na usiku alilala ameegemea mto. Asubuhi moja akaniambia bila kuulizwa, "Nimepiga simu. Wanikate." Sikushangilia. Nilikwenda msalani nikalia, nikarudi nikakaanga mayai.

Walimpasua Februari. Uvimbe ulikuwa umeukumbatia ule mshipa, daktari alisema, hawakuwa na la kufanya. Aliporudi chumbani alikuwa hai, ana bandeji, na sauti yake ilikuwa upepo. Ukimwuliza chai au maziwa, unasikia hewa na midomo. Akijikaza sana ilitoka noti moja, ya chini, yenye mikwaruzo, kisha kikohozi. Jumapili ya kwanza nikamwambia Deo kwamba Koku ana mafua. Jumapili ya pili akaniandikia kwa kidole kwenye mvuke wa dirisha: mwimbie wewe. Nikakataa. Akakunja mikono kifuani, akanitazama kama anavyomtazama mwuza ndizi. Alinikumbusha, kwa ule upepo wake, kwamba ninaujua wimbo wote, tumesimama pamoja miezi, sauti zetu watu wanazichanganya, na mtoto alikwisha kulia Jumapili iliyopita. Nikakwangua kadi. Kemi akapewa simu. Sikusema neno, nikaanza kuimba tu, na Koku amekaa karibu nami, sikio lake limegusa kichwa changu.

Niliimba vizuri. Nasema hivyo bila aibu. Nikafika kwenye ile silabi ndefu, nikapanda, katikati nikavuta pumzi, nikaendelea. Kisha ile sauti ndogo: "Mama hapumui hapo." Nikaendelea kuimba, nifanye nini? "Wewe siyo Mama," akasema Kemi. "Mama yuko wapi?"

Ma Yustina akachukua simu. Akauliza mimi ni nani. Nikamsalimia, nikamwambia ni Atu, mwenzake Koku, na kwamba Koku yupo, hajambo, alikuwa hospitali lakini ametoka, ila tu hawezi kuongea. Msomaji wa kwetu ameshashika kichwa. Sisi hatumpigii mtu simu ya mbali tukamwambia mwanao amekufa. Tunamwambia anaumwa kidogo, amelazwa, hawezi kuongea, njoo, au kaa karibu na watu. Maneno niliyomwambia yule mama, moja baada ya jingine, ndiyo maneno yenyewe ya kuficha msiba. Na kabla ya hayo nilikuwa nimeigiza sauti ya mwanawe. "Hawezi kuongea," akarudia. "Ndiyo mama, lakini ni mzima." "Sawa, mwanangu," akasema kwa upole ambao mpaka leo unanitoa jasho. "Nimeelewa. Asante kwa kumtunza." Akakata. Koku akaniuliza kwa midomo, wamesemaje? Nikamwambia wameelewa.

Kesho yake jioni mlango ukagongwa. Koku alikuwa karibu, akafungua. Walikuwa mama watatu wa jumuiya yetu, wamejifunga kanga kiunoni, mmoja amebeba sufuria ya pilau, wamekuja kufiwa pamoja nami. Yule mwenye sufuria alimwona Koku, akapiga ukelele, pilau ikamwagika ngazi zote hadi dukani. "Yesu na Maria! Si tumeambiwa kutoka Bukoba umekufa?" Koku akafungua mdomo kujibu, na ukatoka upepo, na mama mwingine akaanza kurudi kinyumenyume. Ningeweza kucheka, na miaka ya baadaye tulijaribu kucheka. Nikaikimbilia simu. Deo akapokea, na nyuma yake nikasikia maombolezo ya watu wengi. Walikuwa wameshafunga turubai uani.

"Deo, Koku yupo hai, yuko hapa na mimi!"

"Dada Atu, asante, lakini tumeshajikaza. Tuambie tu mwili unakuja lini."

"Hakuna mwili! Huyu hapa, mpe salamu!" Nikamwekea Koku simu mdomoni. Akanong'ona, "Deo, ni mimi." Mnong'ono hauna mwenyewe, unaweza kuwa wa mtu yeyote. Deo akakasirika. Akasema tusimchezee, mama yake amelala chini tangu jana hali chakula, ana presha, na kama ni kuficha tumeshachelewa. Akakata. Koku akaendelea kunong'ona kwenye simu iliyokufa, Deo, Deo, mpaka nikamnyang'anya.

Ma Yustina alifariki alfajiri ya siku iliyofuata. Presha, walisema. Turubai halikushushwa. Walilifunga kwa ajili ya binti, wakamlilia mama.

Koku hakuweza kusafiri, pasipoti ilikuwa wizarani pamoja na ombi la mtoto, na kuidai ilikuwa ni kuanza upya. Alikaa kitandani na kanga ya mama yake mapajani, akilia bila sauti, na kulia bila sauti ni kitu kibaya kukitazama. Mwalimu Hedley alikuja na makubazi yake, ameleta supu kwenye chupa. Alimsikiliza Koku akijaribu kumwambia jambo, ikatoka ile noti moja. Mwalimu akainamisha kichwa. "Hiyo imetulia," akasema. "Hiyo inaweza kushikwa." Akamkamata mkono, akaondoka.

Siku ya maziko Deo alipiga mwenyewe. Alikuwa hajatuamini, ila Kemi alikuwa amekataa kula mpaka aambiwe nani aliimba. Koku akaniashiria niimbe. Safari hii akashika mkono wangu, akavuta hewa, akaitoa ile noti yake ya chini, ya mikwaruzo, akaikalia. Mimi nikaimba wimbo juu yake. Nilipofika mlimani nikavuta pumzi pale pale pangu, sikuweza kufanya vingine, na pale niliponyamaza ile noti yake iliendelea, inatetemeka, haikatiki, uso wake umefura na mishipa imemtoka kwenye kovu. Tukamaliza. Ng'ambo kulikuwa na upepo na jembe.

"Wako wawili," Kemi akamwambia mjomba wake. "Huyo wa chini ndiye Mama. Yeye hapumui hapo."

Deo alilia, kwa sauti, mbele ya kaburi, mwanaume mzima. Tangu siku hiyo aliamini dada yake yu hai, na hakuwahi kabisa kutusamehe kwa jinsi alivyojua.

Kiangazi kilifika, na Mwalimu akatimiza ahadi. Tulifika kwenye muziki ambao sauti zote ni sawa, hakuna mtumwa wa mwingine, moja inaanza, nyingine inaikariri, ya tatu inaingia, na zinapokutana zinapumzikia kwenye ile noti ya tatu tuliyokatazwa Septemba. Akanitazama mimi: sasa, tafadhali. Nikaiimba. Ilikuwa tamu, sikatai, ukumbi mzima ulijaa. Koku alikaa mstari wa nyuma na skafu yake, mikono mapajani. Nilimchukia Mwalimu siku ile na muziki wake wote uliokuwa unazidi kutajirika wakati mwenzangu anafilisika. Kemi alikuja baada ya mwaka mwingine mzima. Pale uwanja wa ndege alimpita mama yake, alikuwa hajui uso. Koku hakumwita. Aliinama, akatoa ile noti.

Jumamosi iliyopita tulimzika Koku. Kwaya yetu ya Barking iliimba sauti nne kama tunavyojua, na watoto wa London wakarekodi. Kemi sasa ni mwanamke mkubwa, anaelewa kila tusemalo na anajibu Kiingereza. Watu walipoanza kuondoka, akanivuta karibu na kaburi, akaniomba ule wimbo wa jioni. Nikamwambia sina sauti tena. Akangoja. Nikaanza, peke yangu, sauti moja, kwenye upepo, na yeye hakunisindikiza, wala sikutaka. Nikafika kwenye ile silabi, nikapanda, na katikati mwili ukafanya ulichozoea. Nikanyamaza kuvuta hewa. Hapakuwa na mtu wa kunipokea. Wimbo ulikatika, Kemi akausikia ukikatika, nami nikausikia, nikamalizia vivyo hivyo.

Akanifuta machozi kwa kiganja. Kisha akasema, kwa Kiswahili, Kiswahili kile kile cha mtoto wa miaka sita:

"Mama hapumui hapo."